Damu ya Yavuz Kwenye Kahawa ya Posa

Shangazi Mualla mpendwa, naomba unisaidie, na unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu. Jina langu Perihan, nashona mapazia hapa mjini Erzurum, na Jumapili iliyopita wazazi wa Yavuz walikuja kwetu kuniposa. Unajua mambo yetu, binti anampikia kijana kahawa ya chumvi, naye ainywe bila kukunja uso ili watu waone anampenda, basi mimi nikatia chumvi, halafu dada yangu akanichochea kule jikoni, “Weka na pilipili, tuone mapenzi yake yana urefu gani,” nami kwa ujinga nikaweka kijiko kizima.

Yavuz alikunywa yote, akatabasamu, machozi yakamlengalenga, akatoa leso akapenga kwa nguvu, na leso ikarudi nyekundu. Damu ikadondoka kwenye shati jeupe, na bibi yangu, aliyeketi kando yake, akamshika kichwa akakipindua nyuma, “Tazama juu mwanangu, tazama juu,” na Yavuz akakaa hivyo mpaka akatapika damu kwenye zulia mbele ya wazee wote.

Mama yake, Bi Saadet, akanigeukia. “Umemwekea nini mwanangu?”

Nikasema, “Chumvi tu, mama.”

Wakaondoka hata vitamu vyetu vya baklava hawakuvigusa, pete zikabaki kwenye sinia na utepe unaozifunga pamoja haujakatwa. Tangu siku hiyo Bi Saadet anawaambia majirani kwamba nimemlisha kitu mwanawe, nami silali kwa kudhani nimemharibia pua.

Sasa Jumanne nilikwenda kununua mkate kwenye tanuri anakofanya kazi Yavuz, yeye hakuwepo, na mwenzake Cemal akanitania, “Shemeji, mwambie mtu wako aache kutulowesha aproni. Wiki ya kabla ya posa pua ilimtoka damu mara tatu, kila baridi ni hivyo hivyo.” Nilipompigia Yavuz simu kumuuliza, akasema, “Nilimwambia mama ni kahawa. Nisingesema nina ugonjwa siku ya posa.” Shangazi, nimkasirikie au nimwombe radhi? Nikisema ukweli wangu naonekana mchawi, nikisema wake nampoteza.

Perihan, Erzurum

*

Perihan mwanangu,

Pole. Sasa kaa sawa nikuseme kidogo. Kijiko kizima cha pilipili? Dada yako naye mwambie aje aniandikie barua yake.

Nilikuwa muuguzi miaka ishirini na sita, na kila Januari pua za mji huu zilipita mikononi mwangu. Nje baridi inakata, hewa kavu. Ndani mnafunga madirisha na kuchochea jiko la makaa mpaka kuta zinapasuka rangi. Ngozi laini ya ndani ya pua inakauka, inafanya magamba, inachanika, na pale mbele mishipa ni myembamba kama uzi wako. Yavuz anashinda mbele ya tanuri, anatoka jasho, anaingia kwenye barafu. Pua yake ilikuwa tayari kutoa damu kabla hujachemsha maji. Pilipili yako ilimfanya apenge kwa nguvu, na kupenga ndiko kulikomaliza kazi. Kwa hiyo lawama yako ni ndogo, lakini ipo.

Bibi yako alikosea, naye si peke yake. Kichwa hakipinduliwi nyuma. Damu inashuka tumboni, na tumbo linaikataa. Siku nyingine akae wima, ainame mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua kwa vidole viwili, apumue kwa mdomo, na asiachie kuchungulia mpaka dakika kumi zimepita kwa saa. Ikiendelea, dakika kumi tena. Ikipita nusu saa, au ikimwagika kwa wingi, au akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, aende hospitali. Na kwa kuwa inamrudia hivi, amwone daktari mara moja hata kama anajiona mzima.

Nyumbani wekeni sufuria ya maji juu ya jiko. Ajipake vaselini kiasi cha punje ya dengu mlangoni mwa pua asubuhi na jioni, anywe maji, na kidole chake akitoe puani. Usibishe, wote wanaweka.

Kuhusu uongo: mmeongopa wawili. Ijumaa nenda kwa Bi Saadet, Yavuz akiwepo, useme, “Mama, niliweka pilipili nikakuficha, naomba radhi.” Kisha funga mdomo. Ya Yavuz si yako kuyasema. Akiyasema mwenyewe, umepata mume. Akitazama zulia, vaa koti lako urudi nyumbani, kwa sababu pua ninayo dawa yake, lakini mwanamume anayekuachia mzigo wake uubebe sina cha kumpaka.

*

Gazeti lenye barua hizi halijaenda mtamboni kuchapwa, Perihan akanipigia simu. Alikwenda. Hakuwa amemaliza kuomba radhi Yavuz akamkatiza, “Mama, pua yangu hutoka damu kila baridi, nimekuficha tangu nianze kazi tanurini.” Bi Saadet akamwambia mwanawe, “Inuka, wewe ndiye utakayetupikia kahawa leo,” akamsogezea Perihan mto wa kukalia.