Birai Havikauki, Ng'ombe Anakauka

Mama Mushauri mpendwa, pokea salamu kutoka Bihambwe, ninakuomba unisaidie, lakini kama utataka kucheka, cheka kwanza umalize, kwa sababu hapa kwangu wote wamekwisha kucheka, hata mimi mwenyewe.

Jina langu ni Hilaire, kazi yangu ni fundi wa kujenga, nywele zimeanza kunikimbia mbele na tumbo limeanza kunitangulia mulangoni, na muntu wa umri huu akiandikia gazeti watu wanangoja awaandikie juu ya shamba ao juu ya ndoa ya watoto wake, lakini mimi ninaandika juu ya kikaango.

Mambo yalianza hivi: mbele mvua haijaanza niliitwa Muheto kutengeneza bomba la moshi katika nyumba ya muzungu mumoja anayefuga ng'ombe na kufanya fromaji, yale maziwa yanayogandishwa mpaka yanakuwa magumu kama kipande cha sabuni, na wakati nilikuwa ninapaka udongo pembeni ya jiko nikamwona mupishi wake, Théophile, anakwangua birai bichi, vile viazi vya kizungu tunavyolima sisi wote hapa mulimani, anavichanganya na fromaji iliyokwanguliwa, anavitandaza katika kikaango chenye siagi ya moto, anavitazama bila kuvigusa, kisha anavigeuza vyote mara moja kama muntu anayegeuza mukeka, na upande wa juu nikaona rangi ya tofali lililoiva vizuri, ile rangi inayofurahisha fundi. Akanikatia kipande. Mama Mushauri, kilipiga kelele katika kinywa changu! Nje kwaru-kwaru, ndani laini, na fromaji inavutika kama uzi kutoka meno mpaka kidevu. Nimekula birai tangu utoto, vya kuchemsha, vya kuponda na maharage, vya kuchoma katika majivu, lakini sijawahi kuuma kiazi kikanijibu.

Théophile aliniona ninavyolamba vidole akanifungia kipande kikubwa cha fromaji katika jani. Akasema, "Papa Hilaire, kazi ya hii iko mu mukono, haiko mu kinywa. Enda ujaribu."

Nikarudi nyumbani kama bwana arusi. Nikatoboa bati la sardini kwa musumari, likawa kikwanguzi. Nikakwangua birai, na vidole kidogo. Moto wa jikoni kwetu ni wa kuni kubwa, unaruka-ruka, nami kwa Théophile niliona makaa matulivu, basi nikaenda kuchota makaa katika moto wa zizi, ule unaofuka moshi mbele ya ng'ombe kila jioni, makaa yake ni mazuri kabisa, yanawaka bila hasira, nikayaleta yote, nikatia siagi, nikamwaga birai na fromaji, nikakaa kutazama. Njo hapo muke wangu Agathe aliingia.

"Baba Colette! Kikaango kinakaa wazi hivi? Unataka wapita njia basalimie chakula mbele ya kusalimia sisi?"

Akakata jani la mugomba, akafunika, akalikandamiza pembeni mpaka hata moshi haukupata njia, kwa maana kwetu, wewe unajua, chakula kilicho wazi kinaitia nyumba haya. Tukangoja. Tulipofunua tukakuta uji wa rangi ya kijivu, umeshikana na chuma. Agathe akachovya kijiko, kijiko kikasimama peke yake.

"Fundi," akaniuliza, "hii njo fondasio ao ni ukuta?"

Binti yetu Colette akasema, "Papa, tuiache mupaka kesho, itakamata."

Nimejaribu tena na tena, kila mara na makaa yale mazuri na jani lile zito, na kila mara ninapata siment. Jirani yangu Kanyamibwa haniiti tena Hilaire. Ananiita Siment, na anapaza sauti, kutoka ng'ambo ya bonde.

Hayo ningevumilia. Lakini tuko na ng'ombe mumoja, Gaju, mwekundu, mupole, tuliyepewa na wakwe zangu, na maziwa yake njo ya watoto wetu wadogo. Tangu nianze kazi ya kikaango maziwa yamepungua. Gaju hasimami, anapiga mukia, anapiga muguu, na Agathe anarudi na chombo chenye maziwa ya kulowesha midomo tu. Habari ikapanda mulima mpaka kwa mama mukwe. Jina lake silitaji, unajua heshima yetu. Akashuka, akakaa, akanigeuzia bega kama inavyofaa, akasema na Agathe ili mimi nisikie.

"Ambia bwana yako, maziwa haipandake ku moto. Muntu akiipika, ng'ombe inasikia, inafunga kiwele."

Nami nikajibu kwa Agathe vilevile: "Ambia mama, ile fromaji ni ya ng'ombe ya Muheto. Haijuane na Gaju."

Mama mukwe hakungoja Agathe apitishe neno. "Ng'ombe zote zinajuana!"

Akasema atarudi kwa sikukuu ya Watakatifu Wote, na kama Gaju yuko bado vile, ataondoka naye. Ni haki yake, alitoka kwake. Lakini watoto watakunywa nini?

Sasa, Mama Mushauri, niko na maswali mawili. La kwanza: fromaji ni maziwa bado, ao imekwisha kuwa kitu kingine, na je, ng'ombe wa Bihambwe anaweza kukasirikia maziwa ya ng'ombe wa Muheto? La pili: kwa nini birai vyangu havikauki? Ninapaswa kukuambia kwamba ni swali la kwanza linaloniamsha usiku. Lakini kwa kweli ni la pili. Ninachotaka kikauke kinakataa, nisichotaka kikauke kimekauka. Niache ao niendelee? Kipande cha mwisho cha fromaji nimekificha juu ya dari, mbali na zizi, Gaju asije akasikia harufu.

Ni mimi, Hilaire, fundi, Bihambwe.

*

Papa Hilaire, nimecheka, nimemaliza, sasa ninakugombeza.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa ninatafuta kosa la fromaji, mara ya pili nikakuta mustari uliopita mbio kama muntu anayepita mbele ya nyumba ya padri bila kuungama. Makaa ya zizi! Yote! Na unaniambia ni mazuri, hayana hasira! Ni nani alikuambia moto ule ni wa kupikia? Ule ni moto wa ng'ombe. Mvua imeanza, nzi na mbu wamejaa, baridi inashuka toka mulimani, na Gaju anarudi jioni kusimama katika moshi wake kama kila siku, anakuta majivu. Atafanya nini? Atapiga mukia, atapiga muguu, atakataa kusimama. Wewe, tukikutolea moto katika nyumba na kukufungulia nzi, halafu muntu anakuja anakushika matiti, ungempa nini?

Usinijibu.

Mama mukwe wako, basi, hakukosa sana. Alijua kwamba kwako maziwa na moto vimegombana, akakamata ugomvi kwa upande wa mukia tu, maana kikaango kilikuwa kimewajaza ninyi wote macho. Wewe hukupandisha maziwa ya Gaju kwenye moto. Wewe uliondoa moto kwenye maziwa ya Gaju.

Juu ya swali lako kama fromaji ni maziwa bado: sitalijibu, na wewe usilijibu. Atakayelijibu mbele ya mama mukwe wako atalala na njaa, na atakuwa amestahili. Ng'ombe ametoka kwake, na desturi imekuja na ng'ombe. Ulipopokea kamba ulipokea na desturi.

Basi leo, ukimaliza kusoma, weka gazeti chini uwashe moto wa zizi. Wewe mwenyewe, usimtume muntu. Samadi kavu, majani mabichi kidogo juu, ufuke moshi mpaka Gaju akutambue tena. Kisha usiuguse, hata ukiona kaa zuri namna gani. Mama mukwe akija, umwambie Agathe amwambie wewe ndiye uliyeuzima, na kwa sababu gani. Mwambie yote. Usianze na Muheto na ng'ombe wasiojuana.

Sasa birai, kwa maana najua umeruka mistari ukaanza kusoma hapa. Rudi juu.

Umerudi? Vizuri. Fundi, unaweza kupaka chokaa kwenye ukuta unaochuruzika maji? Huwezi. Na birai ulivyokwangua, maji yake ulimwaga wapi? Hukumwaga, maana hukuandika. Vifunge katika kitambaa safi, kamua kwa nguvu kama muntu anayefua blanketi, vitoe vikiwa vikavu. Moto wako wa jikoni unaruka kwa sababu huna subira: acha zile kuni zako kubwa ziungue zenyewe mpaka zibaki makaa, njo uweke kikaango. Mafuta yapate moto kwanza. Tandaza birai vyembamba, halafu kalia mikono yako. Pembeni pakiwa na rangi ya tofali, weka sahani juu, pindua, urudishe taratibu upande wa pili.

Na lile jani! Papa Hilaire, jani la mugomba ni zuri kwa kitu unachotaka kilainike. Mvuke unapanda, unakuta jani, unarudi chini kama mvua, na wewe unashangaa kwamba nchi ni matope. Lakini usimgombeze Agathe, aibu yake ni ya haki. Ukiogopa macho ya wapita njia, funga mulango wa jikoni. Kikaango kikae wazi.

Siku hiyo ya Watakatifu Wote, mama mukwe umkaangie birai vitupu bila fromaji, kwa mafuta ya mawese, si kwa siagi, maana siagi nayo atakuuliza ilitoka wapi. Agathe amwambie wazi kilichomo na kisichokuwemo. Usimdanganye hata kwa tone. Kipande kile cha dari kirudishe Muheto, ukikaange na Théophile kwenye jiko lake; ng'ombe wa kule wamekwisha kuzoea mambo. Kwako, fromaji isipande motoni mpaka mama mukwe mwenyewe aseme. Na kama, akisikia kwaru-kwaru ya mawese, atamwuliza Agathe ile ya Muheto inalia namna gani, wewe nyamaza, mwache Agathe ajibu.

Mimi nimejaribu kabla ya kukuandikia, kwa ajili ya kazi tu. Cha kwanza kiliungua, majirani walikuja kuuliza nani amekufa. Cha pili kilinijibu.

Gaju akianza tena kutoa, maziwa ya kwanza usiyaguse. Yapelekwe mbele ya mama mukwe mabichi, yasipite hata karibu na jiko. Akisha kunywa akafuta midomo, hapo njo umwombe Agathe aulize kama ng'ombe anabaki. Na wakati anauliza, Papa Hilaire, kikaango kisiwe mukononi mwako.