Njeri wangu na Kiingereza cha simu

Jumapili. Jua kali mpaka nguo zimekauka kabla sijamaliza kuanika.

Kesho shule zinafunguliwa baada ya ile miezi yote ya korona, na mimi naogopa kuliko mtoto.

Wacha niseme ukweli. Njeri, kitinda mimba wangu wa gredi ya tatu, nimejivuna naye mtaa mzima wa Shauri Moyo. Shule zilipofungwa, mwalimu alikuwa akitutumia kwa WhatsApp picha ya ukurasa wa hadithi ya Kiingereza, na sauti yake akiisoma. Mtoto anasikiza, halafu naye anasoma, mzazi anarekodi na kurudisha. Nikitoka Gikomba kuuza mitumba, hata viatu sijavua, tunarekodi. Halafu naenda na simu mferejini, nafungulia sauti yote ili wamama wanaochota maji wasikie.

"Mama Njeri, huyo ulimzaa ama ulimwagiza ng'ambo?" Mama Halima, jirani yangu, aliniuliza siku moja.

"Nilimzaa mwenyewe, na kiwanda bado kipo!"

Tulicheka sana.

Leo sicheki.

Mchana nimempa zawadi, kitabu cha hadithi nilichookota sokoni kwa bei nzuri. Akafungua akaanza, hakwami, sauti kama ya mtangazaji. Nikachungulia ukurasa. Picha ni ya ng'ombe mtoni. Njeri anasoma ya sungura na karoti, ile ya mwalimu, neno kwa neno.

"Njeri, soma hii iko hapa."

Akageuza ukurasa. Halafu polepole: "Mami, hiyo ticha hajatuma sauti yake."

Miezi yote hiyo nimeshika simu nikiangalia kama inarekodi. Sikuangalia hata siku moja macho yake yako wapi.

Na kesho kila mtoto atasimama asome ukurasa mgeni mbele ya wenzake. Mwalimu alishatuma ujumbe: atakayeshindwa anarudi gredi ya pili. Kurudishwa si neno. Naogopa kile kicheko cha wenzake. Mimi nilichekwa hivyo hivyo darasa la saba, na tangu siku hiyo sikufungua mdomo darasani. Mwaka haukuisha nikaacha shule.

Nimezima simu. Tumeketi kitandani, kidole chake juu ya neno, changu juu ya chake. Mpaka chai ya saa kumi tumemaliza mistari minne. Minne! Miguu yangu ilishaanza kwenda mferejini kutangaza. Nikairudisha.

Asubuhi nitamwona mwalimu kabla Njeri hajaitwa. Nitamwambia mtoto ana masikio ya ajabu, macho ndiyo bado, na kosa ni la mama.

Sasa hivi anapaka viatu rangi. Ameniuliza bila kuinua kichwa, "Mami, utaniacha kwa geti ama utaingia?"

Nimemwambia nitaingia.