Mume Wetu Amecheka

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Shikamoo. Najua huko uliko hakuna posta wala mtandao, lakini nina furaha ambayo nikikaa nayo peke yangu itanipasua, na wewe ndiye uliyenizoesha kukuletea kila habari ikiwa bado ya moto. Basi kaa vizuri unisikilize. Nimeolewa.

Ndiyo, mimi Zaina wako, niliyekuwa namkimbia hata jogoo. Nimeolewa Ijumaa baada ya swala, pale pale nyumbani Kwaluguru, na mpaka leo nikiamka nageuza kwanza shingo nitazame kama yupo. Yupo. Analala kinywa wazi kidogo kama mtoto aliyeshiba uji, na mimi namtazama hadi naona aibu. Usinicheke. Tumepanga chumba hapa Korogwe, chumba kimoja chenye dirisha moja, na nakuapia sijawahi kukaa mahali pakubwa kama hapa.

Sasa nikueleze ni nani, maana unamjua, na hapo ndipo utakaposhika kichwa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiniita mke mwenza, kama mabibi wote wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Babu naye aliniita mke mdogo. Nikimpelekea maji ya kuoga unauliza mbele ya wageni, "Leo zamu yako au yangu?" na Babu anajibu kwamba zamu ni ya yule atakayeongeza sukari kwenye chai. Hivyo ndivyo nilivyokua, katikati ya watu wawili waliogombana kutwa nzima na kula sahani moja. Ulipofariki, Bibi, utani ule ulikatika siku hiyo hiyo. Babu akaanza kuniita Zaina. Zaina, niletee maji. Zaina, funga mlango. Sauti ya mtu anayemwita muuguzi. Uliondoka na mume pia, mke mwenzangu, hukuniachia hata nusu yake.

Na watu wote walijua sababu, au walidhani wanaijua.

Siku ile tulikuwa tumekwisha kukuzika. Wanaume wako mbele ya nyumba kwenye mikeka na Babu katikati yao, wanawake tuko uani tunapika. Wakafika watani wetu Wanyamwezi kutoka Korogwe, wale ambao mzee wao hununua mahindi kwetu kila mavuno. Unajua mtani akifika msibani hakuna wa kumzuia. Kijana wao mmoja mrefu alipita moja kwa moja hadi uani, akachukua kanga yako kwenye kamba, akajifunga, akashika mwiko wako, akasimama mlangoni pa jiko na kumwita Babu kwa sauti yako kabisa, ile ya kukwaruza, "Mhina we! Utaitwa hadi lini, chakula kina miguu kikufuate?"

Bibi, tulicheka tukiwa tumejaa machozi. Ulikuwa wewe. Hata ule mkono wa kiunoni. Alikuwa amekula kwako mara nyingi kuliko tulivyojua, siku za mahindi.

Kule mbele, Babu aliinuka mkekani, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakutoka hadi jioni. Kicheko kikafia midomoni mwetu. Yule kijana akaivua kanga taratibu, akairudisha kwenye kamba, akaondoka hajanywa hata maji.

Hapo ndipo jambo lilipokwama. Mtu akikutania msibani huruhusiwi kukasirika, ukikasirika umevunja utani na aibu ni yako. Kwa hiyo Babu hakusema kitu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Na mtani hawezi kuomba radhi kwa utani, akiomba amejifanya mgeni. Kwa hiyo kijana naye hakurudi. Hakukuwa na kesi, basi hakukuwa na wa kuisuluhisha. Msimu uliofuata mzee wao alikuja kununua mahindi peke yake.

Mwaka huo nikapata nafasi chuoni Korogwe, kozi ya maendeleo ya jamii. Ungefurahi. Mtoto wa kidato cha nne tu, nimebeba begi, nasubiri basi Mkata na godoro langu. Tuna somo linaitwa Familia na Mahusiano. Nilidhani ni somo la kulala. Bibi, ni somo la kukaa macho. Anatufundisha Madam Anjela, mama mfupi mwenye miwani, na siku ya kwanza alituambia kwamba kila mmoja wetu ameingia darasani na familia nzima kichwani, na kazi yetu ni kuitazama kama watu wengine wanavyotazama mashine, tujue kipi kinazungusha kipi. Tumesoma jinsi watu wanavyochagua wachumba. Tumesoma kwa nini ndugu wanaopendana wananyamaziana. Nilikuwa natoka darasani kichwa kinanguruma, nawaona ninyi wawili katika kila mada.

Wiki ile ya kwanza akatupanga wawili wawili na mtu usiyemjua. Mmoja azungumze, mwingine asikilize bila kukatiza. Nikageuka kumtazama wangu. Mrefu. Uso naujua. Nikasahau zamu ya nani kuzungumza, nikamwambia, "Wewe ndiye uliyevaa kanga ya bibi yangu."

Akasema, "Ndiyo. Na ilinipendeza kuliko inavyokupendeza wewe."

Nikacheka hadi Madam akatutoa nje. Zoezi la kusikiliza tulilifanyia chini ya dirisha la maktaba, na tulipomaliza jua lilikuwa limehamia upande wa pili, na mimi nilikuwa nimekwisha.

Anaitwa Maganga. Babu yake alitoka Tabora kuja kukata mkonge, akazaa huku, akazikwa huku. Kwao wengine wanaenda kanisani, wengine kama yeye msikitini, na sikukuu ya yeyote sufuria ni lile lile. Bibi, nikikuandikia yote kuhusu Maganga karatasi itaisha. Akicheka anainamisha kichwa kama anaficha kitu kitamu. Akikusikiliza, anakusikiliza hadi unaogopa utasema kweli. Nilipougua malaria alinipikia uji, ukaungua, akaukwangua kwa juu, akauleta na kusema sehemu iliyobaki ni ya watu wenye afya. Nilijua hapo hapo. Nilijua kama mtu anavyojua nyumbani kwao gizani.

Lakini alikuwa anaogopa Kwaluguru. Aliniambia mambo yote ya dunia, akifika kwa Babu ananyamaza. Washenga wake walipokwenda kuleta posa, Mjomba Athumani aliwapokea vizuri, akawapa chai, kisha akawarudisha. Unajua kwetu neno la mjomba lilivyo zito. Aliniita pembeni akasema hana ubaya na kijana, ila Babu hatakaa kila Idi akimtazama mtu aliyemfanya ajifungie siku ya kumzika mkewe. Babu mwenyewe aseme ndiyo, bila hivyo posa hailali ndani ya nyumba. Na Babu, alipoulizwa, alisema, "Mtajua wenyewe." Nililia, mke mwenzangu. Nililia njia nzima hadi Korogwe, na Maganga akasema labda tuache, asije akaninyang'anya babu. Nikamwambia sitaki kusikia neno hilo, lakini usiku nilikuwa nalisikia.

Basi Madam Anjela akatoa kazi ya mwisho wa muhula. Kila mtu akamhoji mzee mmoja wa familia yake aliyeishi katika ndoa muda mrefu. Maswali tumeyatunga pamoja darasani. Na akatupa sharti moja. Ukiuliza swali zito, nyamaza. Usimwokoe mtu kwa maneno yako, mwache afike mwenyewe.

Nikamkuta Babu asubuhi anapukuchua mahindi. Nikakaa, nikachukua hindi langu, nikaanza.

Nikamuuliza mligawanaje majukumu. Akasema wewe ulikuwa unasema, yeye anafanya, kisha unasema amekosea. Nikamuuliza mlitatuaje migogoro. Akasema hamkuwa mnaitatua, mlikuwa mnagombana hadi chakula kiive, kikiiva mnakula. Nikamuuliza mlionyeshanaje upendo. Akaniuliza kama huyo mwalimu wangu ameolewa. Nilikuwa naandika huku najizuia kucheka, maana tangu uondoke sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi hivyo.

Swali la mwisho lilikuwa ni kitu gani anachokikosa zaidi tangu mwenzake aondoke. Nikauliza, nikanyamaza.

Bibi, ilikuwa ngumu. Punje zinaanguka kwenye ungo. Alimaliza hindi, akachukua lingine. Nilitaka kusema basi Babu, tuache. Sikusema.

Kisha akasema bila kuinua macho, "Siku ile nilisikia ananiita. Mguu ukaenda wenyewe. Niliingia ndani nipite nyuma nikamwitikie."

Nikaendelea kupukuchua.

"Nilipofika kwenye kitanda ndipo nikakumbuka tumetoka kumzika. Nikaona haya kutoka na uso ule."

Unaona, mke mwenzangu? Hakukasirika. Hakuwahi kukasirika hata kidogo. Alikuwa anakuja kukuitikia. Na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, tukamjengea hasira, tukaizungushia ua, tukaishi tukiizunguka. Akaongeza kwamba nyumba imekuwa kimya mno, kila mtu anamwongelesha kwa adabu, hakuna hata mmoja wa kumgombeza. Jibu hilo sikuliandika. Madam aliponiuliza kwa nini nafasi ya mwisho ni tupu nilimwambia ni la nyumbani, akaitikia kwa kichwa, akanipa alama nzuri na jicho lenye maji.

Nilimpigia Maganga simu nikiwa bado nina vumbi la mahindi mikononi. Nikamwambia aje na wazee wake, wala asithubutu kuomba radhi.

Walikuja. Mjomba Athumani amekaa kama mlango uliofungwa. Maganga amevaa shati jeupe, jasho linamtoka, hatazami upande wa Babu. Salamu zikaisha. Mshenga akaanza maneno yake marefu ya ua na bustani, Babu akamkatiza.

"Yule aliyemwiga mke wangu yupo?"

Maganga akasema, "Shikamoo babu, nipo."

"Tangu asubuhi nimekaa na wageni, vifungo vya shati viko wazi, na hakuna aliyenisema. Kwenye nyumba hii watu wamekuwa na adabu kupita kiasi."

Niliyaona yote kupitia ufa wa mlango, nimejiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Niliona Maganga hajui kama ni mtego. Nikaomba, nikakuomba hata wewe. Kisha akainuka, akaweka mkono kiunoni, na ile sauti ikatoka.

"Mhina we! Vifungo nilikushonea uvitazame?"

Babu alicheka, Bibi. Alianza kimya, mabega tu, kisha ikatoka yote, machozi yakamshuka kwenye ndevu wala hakuyafuta, na safari hii hakuingia ndani. Mjomba Athumani alijaribu kukaza uso, akashindwa. Babu alipopata pumzi akanyoosha kidole na kusema, "Mpeni huyo mke wangu mdogo. Ila mkubwa asiambiwe, atanisumbua."

Mke mdogo. Aliniita mke mdogo. Nilikaa chini pale pale nyuma ya mlango. Na mkubwa ndiye huyo nimemwambia, sijui kutunza siri ya mume, nisamehe.

Harusi ilikuwa nzuri mno. Siku hiyo Babu alijilaza kizingitini na kusema bwana harusi hapiti na mke wake mpaka aletewe jogoo mwekundu. Walipoleta mweupe akasema huyo ni wa wagonjwa. Tulichelewa kutoka hadi vyakula vikarudiwa kupashwa moto. Nilikuwa nimevaa nguo ya rangi ya maziwa, na Maganga aliniambia sikioni neno ambalo sitakuandikia hata wewe.

Sasa kila jioni Babu anapiga simu. Hanisalimii mimi, anasema nimpe mgombezaji. Maganga anamgombeza dakika chache kwa sauti yako, kuhusu vidonge vya presha na kutembea peku, Babu anakana kila kitu, kisha anakata simu ameridhika. Nilimsimulia Madam Anjela. Akasema darasani tulijifunza kwamba lawama za kila siku hubomoa nyumba, na ni kweli, zimebomoa nyingi. Ila inategemea anayelaumiwa anasikia nini ndani yake. Babu alikuwa anasikia kwamba ameonekana.

Mke mwenzangu, nakuaga kwa furaha kwa sababu nimegundua naweza kukuaga bila kukupoteza. Mwenyezi Mungu akuweke pema, akupe na mtu wa kumsema kidogo. Na nakuahidi hivi. Katika nyumba yangu hatutanyamaziana. Likinikera nitalisema likiwa bichi. Akinuna nitamuuliza, kisha nitasubiri jibu hata likichelewa, wala sitamtungia. Na akiniita nitaitika, hata kama mikono yangu ina unga, hata kama tumegombana asubuhi hiyo.

Namsikia uani, anauliza chumvi iko wapi na iko mbele ya macho yake. Ngoja niende nikamgombeze.

Wako,
Zaina