Mama Aliimba Nini

Ijumaa, 2 Machi 2012
Mvua tena. Dagaa wamelowa, nimewaanika juu ya gunia na kuwageuza mchana kutwa. Mama Rehema alikuja kunusa, akaondoka. Pua anayo, nia ya kununua hana. Jioni mazoezi ya kwaya. Sauti ya pili wanaburuza wimbo kama wamebeba magunia. Sadiki aliniletea maziwa kutoka Masha, anakochunga ng'ombe wa watu. Ndugu yangu wa pekee aliyebaki. Amekonda. Nilimgombeza, akacheka, akamaliza ugali wote.

Jumapili, 4 Machi
 

Saa ya ushuhuda alisimama mgeni, Yonasi. Ametoka Kabazana, kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi, juzi juzi, kanisa limempa chumba cha nyuma alale. Akasema ameokoka. Makofi. Kisha akasema, "Nilikuwaka mu pori na bunduki. Siku moja tulifika ku nyumba ya mulango ya bluu, karibu na mashine ya kusaga mihogo. Tukafungia batu ndani, tukawasha moto. Mama moja muzee alikuwa anaimba mu ule moto. Aliimba mpaka paa ikaanguka. Ile wimbo haijaniachaka."

Mlango ule niliupaka rangi mimi na baba. Ndani alikuwamo mama yangu, na Furaha wangu wa miezi minane. Nilimwacha kwa bibi yake nikaenda shambani. Miaka yote majirani waliniambia walipigwa risasi kwanza, moto ulikuta maiti. Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nile na nilale.

Mchungaji alilia. Akasema yule mama alimsifu Mungu katikati ya moto, na wimbo wake umemwokoa muuaji. Kanisa zima likasimama, haleluya. Wamemsamehe kwa makofi. Nani aliwatuma? Furaha alikuwa mtoto wao?



Jumatatu, 5 Machi
Sikwenda sokoni. Mchungaji alikuja, nikamwambia ile nyumba ilikuwa yetu. Alishika kichwa. Nikadhani ameelewa. Kumbe. "Dada, Jumapili ni Meza ya Bwana. Musimame mbele, wewe na yeye, mupeane mukono. Batu mingi batapona." Watu wengi watapona. Na mimi? Nilimfungulia mlango atoke, chai hakumaliza.

Jumanne, 6 Machi
Ninataka afe. Naandika waziwazi, Mungu asome. Ninataka afungiwe ndani na ausikie moto ukipanda. Nimepiga magoti mara ngapi leo sijui, na kila nikifumba macho ombi ni hilo hilo.

Nimempigia Sadiki simu. Nimemwambia jina, nimemwambia chumba. Nilijua ninafanya nini.

Sasa kuna jambo jingine linanitafuna. Kama mama alikuwa hai akaimba, Furaha je? Alikuwa hai naye? Duniani kuna mtu mmoja tu anayejua. Na mimi nimeshamtumia kifo.

Jumatano, 7 Machi
Sadiki alifika alasiri na fimbo ya ng'ombe na panga. Hakupita kwangu. Nilisikia kelele, nikakimbia.

Alikuwa amemburuta Yonasi mpaka nje, kwenye matope. Fimbo ilimpata mdomoni, nikaona meno. Ikampata tena. Watu wakajaa. Mtu akapiga ukelele kwamba huyu ni muuaji, basi vijana wa kwaya nao wakaingia, mateke na mawe. Wale wale waliopiga makofi Jumapili. Sauti ya pili wote walikuwapo. Yonasi hakuinua hata mkono. Mbavu zake nilizisikia.

Sadiki akatupa fimbo, akashika panga. Nikajirusha juu ya yule mtu. Panga limenichana mkono, kuanzia kiwiko kushuka. Sadiki akapiga kelele, "Yaya, dada yangu, toka! Toka, namumaliza!" Sikutoka. Damu yangu na yake zilichanganyika usoni mwake.

Kanisani watasema ni huruma. Huruma sina. Nilikuwa na swali.

Alhamisi, 8 Machi
Hospitalini Mbarara. Mimi nimeshonwa, Yonasi amelala wodi ya wanaume. Askari polisi alikuja, akamuuliza, "Wewe, nani alikupiga? Sema tu, sisi tutamukamata leo leo." Nilikuwa nimesimama mlangoni. Moyoni nilimwona Sadiki tayari na pingu.

Yonasi akasema, "Sikuona."

Askari aliutazama mkono wangu uliofungwa bandeji. Akanitazama mimi. Akaondoka.

Amesema uongo kwa ajili yetu. Sikumwomba. Ninamchukia kuliko jana, maana sasa ninatakiwa kushukuru.

Ijumaa, 9 Machi
Nimemuuliza. Mama aliimba nini?

"Luga yenu siisikiake, mama. Sauti tu ndiyo niko nayo."

Nikamwambia aitoe. Midomo imevimba, ikambidi aimbie puani, polepole, akipumzika kwa ajili ya mbavu. Nilingoja wimbo wa kanisani. Haukuwa wa kanisani. Ulikuwa wimbo wa kubembeleza, ule mama aliotuimbia sisi sote tulipogoma kulala. Huo hauimbwi bila mtoto mgongoni.

Furaha alikuwa hai.

Nikamuuliza kama alisikia mtoto. Akageukia ukuta. Kisha: "Alilia. Alilia mingi. Halafu nyuma akanyamaza. Mama akaendelea kuimba."

Kwa nini hukusema hayo kanisani? "Niliogopa." Basi aliungama nusu, ile nusu inayopigiwa makofi. Nilimpiga pale pale palipovimba, kwa mkono mzima, mara mbili. Nesi akanitoa nje. Nilikaa barabarani mpaka gari la kurudi likapatikana.

Jumapili, 11 Machi
Mkono hauumi sana.

Asubuhi nilimwambia Sadiki kuhusu wimbo. Alikaa chini, mgongo ukutani. Yeye ndiye kitinda mimba, aliimbiwa huo kuliko sisi wote.  Baadaye akanichotea maji, akawasha jiko.

Nilienda kanisani, nikakaa benchi la nyuma. Vijana wa kwaya hawakuniangalia. Mkate ulipita, kikombe kikapita, sikuvigusa. Ibada ilipokwisha Mchungaji alikuja, akauliza taratibu kama nimemsamehe yule mtu. Nikamwambia sijui. Nikamwambia mama hakuwa anamsifu Mungu. Furaha alikuwa analia, na mama alikuwa anambembeleza.

 Mchungaji akakaa kando yangu. Watu walitoka, mwenye ufunguo alikuja akasimama mlangoni, akarudi. Tulikaa.

Hakuniombea. Nilishukuru kwa hilo.