Matone Chini ya Nailoni

Mjukuu wangu Neema,

Amani iwe nawe huko chuoni. Hapa Njombe baridi imetubana, ila tu wazima, na babu yako anachuma parachichi mwenyewe.

Umeuliza ni nani alinifundisha kukataa nailoni kwenye chakula cha moto. Hakuna. Nilikuwa msichana, tumekwenda kupika kwenye harusi Makambako. Mpishi mkuu, mama mkali sana, alifunika wali kwa nailoni ili mvuke usitoke. Nikakinga kwa kijiko matone yaliyokuwa yakining'inia chini yake, nikaonja. Yalikuwa na ladha ya ndala mpya. Wenzangu wakanicheka, nami nikampelekea yule mama kijiko.

"Mama, haya ndiyo yanayodondokea wali wa wageni. Onja."

Akaonja, akatema. Akaondoa nailoni na wali wote wa juu, akafunika kwa sinia lenye makaa. Wageni walikula mpaka ukoko.

Neno kemikali sikulijua, mjukuu wangu. Ulimi tu ulikataa. Baada ya mavuno yule mama akatuma mshenga kwetu: anamtaka binti wa kijiko kwa ajili ya mwanawe.

Mwanawe ndiye huyo anayechuma parachichi.

Bibi yako