Ukuta Uliojengwa kwa Jina Langu

Ndugu yangu Ouma,

Nakusalimu pamoja na wote walioamka salama hapo bomani. Mguu wa shemeji umepona? Mimi mapafu yamechoka. Daktari wa huku Durban hataji tena dawa, ananiuliza tu kama nina watu wangu karibu. Ndiyo maana sitazunguka.

Jana binti yako alinipigia simu akicheka. "Baba mkubwa, umetajwa barazani! Baba amewaambia, 'Wazee, kaka yangu amejenga bandari ng'ambo maisha yake yote. Mnabishana na nani juu ya ukuta wa kuzuia mawimbi?' Watu wakapiga makofi."

Nikauliza ni ukuta upi tena. Akasema wa pili, ufuoni kwa dada yetu Akinyi, upande wa Migori, kwa kuwa wa kwetu Homa Bay umependeza.

"Na dagaa wa omena mnaanika wapi siku hizi?"

"Kando ya barabara. Kwani mchanga si uliisha?"

Ouma, sijawahi kujenga bandari. Sijajenga hata choo. Kazi yangu ilikuwa kuandika mipango na sheria za kuzuia kuta ufuoni, ili mawimbi yaendelee kuvunjika vizuri na vijana wayapande kwa vibao vyao. Nililipwa kulinda mchezo uleule ambao baba alituchapia, tulipolalia mbao za mashua mbovu tukasukumwa na ziwa hadi mchangani. Mzee aliuza ng'ombe nisome. Ningemwambia nini? Nikasema bandari, akafa akijisifu.

Huku, mtu akitaka kuweka mawe ufuoni, nilimuuliza: wimbi likigonga hapa litarudi na nguvu gani, na litaondoka na mchanga wa nani? Nyinyi mlipoanza kujenga nilisikia mapema. Nikanyamaza, maana kusema kungenifichua. Nawe hukuniuliza hata mara moja. Sifa zangu zilikutosha.

Baraza linarudi Jumatano. Simama useme kaka yako alidanganya. Wasipoamini, nipigie papo hapo, simu iwe na sauti ya juu, niwaambie mwenyewe. Wakicheka, wacheke, lakini wasijenge. Usingoje mazishi yangu. Siku hiyo mtanisifu tu, na mawe yatamwagwa juu ya sifa hizo.

Wasalimie shemeji na binti yako mwenye kicheko. Akinyi mwambie kwanza, kabla ya wazee, kwani ufuo huo ndio unaomlisha.

Ni mimi kaka yako, nikiwa bado na pumzi ya kuulizwa,
Okoth