Barafu ya Lukmani kwenye wodi ya njiti

Zaitun, kaa chini kwanza. Lukmani, mume wa Firdausi, yule muuza soda za baridi pale sokoni Kasulu, leo kamletea mwanawe njiti barafu wodini. BARAFU!

Asubuhi nesi Pelagia alimweleza vizuri: "Damu ya njiti huchelewa kuganda. Tumemchoma vitamini K, isije ikavujia kwenye ubongo." Yeye akasikia "kuganda" tu. Akawaona manesi wajinga: mtoto kafunikwa hivyo, damu itagandaje?

Basi karudi kifua mbele, chupa ya chai imejaa barafu, akaanza kumfunua mtoto!

Firdausi akapiga ukelele. Nesi akamdaka mkono: "Mana yanje, Mungu wangu! Baridi ndiyo inaua njiti!"

Unajua alijibu nini? "Sista, kugandisha ndiyo kazi yangu." Kazi yake, Zaitun!

Nesi akamvua shati, akambandika mtoto kifuani ampe joto. Katoto kamelala, kanapumua vizuri. Baba mtu jasho linamtiririka, macho yamemtoka, hathubutu hata kukohoa.

Hatimaye kuna kitu kimeganda.